Shangazi Asiyepaza Sauti

Kama uliwahi kutazama filamu yenye mama anayelia, basi huenda aliyekuwa akilia ni yeye. Alilia makaburini, alilia hospitalini, alilia kwenye lango la jela akiwa na kikapu mkononi. Alilia hata kwenye tangazo la sabuni ya kufulia, pale mwanawe wa kuigiza aliporudi nyumbani na shati jeupe na habari kwamba amepata kazi. Hakuhitaji kitunguu wala dawa ya macho. Mwongozaji akisema anza, yeye hushusha pumzi, akatazama mahali fulani hewani, na machozi yakaanza kuja moja baada ya jingine kama yamepanga foleni. Watu wakamwita Mama Machozi. Jina likamganda, akaitwa hivyo sokoni na hata kwa daktari wa meno.

Nyumbani alikuwa mtu wa kucheka. Mume wake alikuwa fundi wa friji, mwanamume mpana mwenye viganja kama sahani, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Watoto wao, pacha wa kike na wa kiume, walikwisha kuwa watu wazima wenye makwao, lakini yeye na mumewe waliendelea kuitana Mama Pacha na Baba Pacha kana kwamba watoto bado wanatambaa sebuleni.

Siku moja asubuhi alikuja mwongozaji wa filamu, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa na sauti ya kukwaruza. Alikunywa chai yake yote kwanza, kisha akasema, "Mama, nina filamu mpya. Nataka uwe adui."

"Adui wa nani, mwanangu?"

"Adui wa filamu. Yule mbaya."

Kutoka karakana kikasikika kishindo. Baba Pacha alikuwa ameingiza kichwa ndani ya friji bovu, na kicheko kilipomshika akajigonga.

"Usimjali huyo," Mama Machozi alisema, ingawa naye alikuwa anajizuia. "Mimi mtu ataniogopa kwa lipi? Nikikunja uso watu wananiletea kitambaa."

"Ndiyo maana nakutaka. Kila mtu anakuamini."

Akamsimulia hadithi yenyewe. Binti mmoja anafiwa na wazazi, anachukuliwa na shangazi yake anayeishi peke yake katika nyumba nzuri yenye mapazia mazito. Mwanzoni mambo ni shwari. Kidogo kidogo binti anagundua kwamba hatoki. Kila akitaka kutoka kuna sababu ya kubaki. Hakuna jini katika filamu hiyo, wala mzimu, wala bunduki. Kuna shangazi tu.

Mama Machozi aliupenda mswada tangu usiku wa kwanza alipousoma. Tatizo lilikuwa kuuigiza. Alisimama mbele ya kioo cha chumbani akakunja nyusi, akakaza taya, akanguruma. Baba Pacha, aliyekuwa anavaa soksi kitandani, akamtazama kwa huruma.

"Unaumwa tumbo?"

"Natisha."

"Aa. Basi endelea."

Ajabu ni kwamba Baba Pacha alikuwa mwoga wa filamu kuliko mtu yeyote ambaye mkewe aliwahi kumjua. Mtu huyu aliyeweza kubeba friji mgongoni na kupanda nalo ngazi, akitazama filamu ya kutisha alifunika uso kwa mto na kuuliza, "Ameshaondoka? Ameshaondoka?" mpaka watoto, walipokuwa wadogo, walivunjika mbavu kwa kumcheka. Kwa hiyo Mama Machozi akaona amuulize mtaalamu.

"Hebu niambie. Kwenye filamu unamwogopa nani hasa?"

Baba Pacha alifikiri, soksi moja ikiwa bado mkononi. "Si yule anayepiga kelele. Anayepiga kelele namfahamu. Yule tajiri wangu wa kwanza alikuwa hivyo, ukimjibu ndiyo bwana, ndiyo bwana, anapoa. Ninayemwogopa ni yule anayeingia nyumbani kwa watu halafu anafuta miguu vizuri kwenye zulia la mlangoni."

"Kwa nini?"

"Sijui. Mimi hapo nimeshafunika uso."

Siku ya kwanza ya kupiga picha ilikuwa Ijumaa, katika nyumba ya ghorofa moja waliyokodi kwa kazi hiyo. Nyaya zilikuwa zimebandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi, taa zimesimama kila pembe, na jikoni watu wamejibanza kama kwenye msiba. Mpambaji alimchora Mama Machozi nyusi nyembamba zilizopanda juu, akampaka wanja mzito, akamvisha gauni jeusi lenye shingo ndefu. Alipojitazama, alijiona kama kunguru aliyealikwa harusini.

Tukio lenyewe lilikuwa la mezani. Binti anakunywa chai na anasema kwamba jioni atatoka kwenda kumwona rafiki yake. Shangazi anakasirika, anapiga meza, anavunja sahani na kumkataza.

Mwongozaji akasema anza. Binti akasema maneno yake vizuri. Alikuwa msichana mwembamba, mgeni katika kazi hii, aliyekuwa akimwamkia Mama Machozi kwa kupiga goti kila walipokutana. Mama Machozi akainuka, akatoa macho, akapiga meza na kunguruma, "Hutoki!" Kisha akaongeza kicheko kirefu ambacho hakikuwa kwenye mswada. Sahani ikavunjika kama ilivyotakiwa.

Mpiga kamera alikuwa wa kwanza. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kamera nayo ikatikisika. Akafuata mshika taa. Binti mwenyewe akaziba mdomo kwa viganja viwili. "Nisamehe mama, nisamehe," alisema, na machozi ya kicheko yakamtoka. Wakarudia mara ya pili, na ya tatu. Sahani ziliisha kabla ya kicheko kuisha.

Mwongozaji alimchukua pembeni, karibu na ngazi. Hakukasirika, na hilo lilimuuma Mama Machozi zaidi.

"Mama, unatisha kama mbwa aliye nyuma ya geti. Anabweka sana, lakini sote tunaona geti limefungwa."

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Hata mimi sijui vizuri. Ningejua ningekwambia. Nenda kapumzike, turudi Jumatatu."

Alirudi nyumbani kwa unyonge. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, mtu alikuwa amemwambia kwa adabu kwamba hawezi.

Jumamosi, mchana mweupe, akaja dada.

Dada yake ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule, na Mama Machozi alikuwa bado hajui kufunga vifungo vya gauni lake. Dada hakuolewa mpaka mdogo wake alipokuwa na akili zake. Mpaka sasa, mdogo mtu akiwa na mvi, dada alipoingia katika nyumba ile aliingia kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Hakugonga. Aliweka mkoba, akambusu mdogo wake kwenye paji la uso, akaenda moja kwa moja jikoni.

"Hii sufuria haikai hapa, mdogo wangu. Utajiunguza." Akaihamisha. "Na dirisha hili, jua linakupiga machoni." Akalifunga. Dodoki la kuoshea vyombo, ambalo lilikuwa bado lina uhai, likaenda zake kwenye pipa la taka. Yote hayo aliyafanya huku akiuliza habari za pacha na kuitikia vizuri kila jibu.

Baba Pacha alikuwa mezani na kikombe chake. Alichota sukari, akaitia, akachota tena. Kijiko hakikufika. Dada alikuwa amekuja nyuma yake taratibu, akamshika mkono, na akakitoa kile kijiko katika vidole vyake, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemnyang'anya mtoto mchanga kitu chenye ncha.

"Inatosha, shemeji," alisema kwa sauti laini. "Wewe ukianguka, mdogo wangu atabaki na nani?"

Akatabasamu, akamsugua begani.

"Sawa, shemeji," Baba Pacha akasema. Kisha akaweka mikono yake mapajani, yote miwili, na akakaa hivyo.

Mama Machozi aliitazama ile mikono. Mikono iliyobeba mafriji ilikuwa imelala pale mapajani kama ya mwanafunzi aliyeambiwa asubiri nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Hakuwa na hasira na dada yake, kwani alimpenda kuliko alivyoweza kusema. Alikuwa anajiuliza tu: mume wangu angejibu nini? Angesema nini ambacho kisingemfanya aonekane mtu asiye na shukrani? Dada alikuwa anamtakia heri. Alikuwa amemtakia heri mpaka mtu mzima amekosa mahali pa kuweka mikono, katika nyumba yake mwenyewe.

Dada yake angetosheka na kijiko. Lakini je, angekuwepo mtu wa namna hiyo asiyetosheka?

Vinyweleo vya mikono yake vikasimama.

Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango. Akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kutoa kitana chake mwenyewe mkononi, kidole kimoja kimoja, polepole.

"Unafanya nini huko ndani?" dada akauliza kutoka jikoni.

"Kazi, dada."

"Kazi gani haina hata sauti?"

Jumatatu alifika mapema. Alimwomba mpambaji asimchore nyusi, amwachie zake. Gauni jeusi alilirudisha, akachagua jingine la rangi ya njano, la kushindia nyumbani, na ndara laini za manyoya. Mpambaji akamwangalia kwa mashaka. "Mama, sasa unaonekana kama mtu atakayenipa biskuti."

"Vizuri."

Kisha akamwendea mwongozaji. "Naomba mara moja tu nisipige meza. Na maneno nibadilishe kidogo. Yakiwa mabaya, tunarudi kwenye sahani."

"Sahani zenyewe zimeisha," mwongozaji akasema. "Fanya unavyoona."

Binti akakaa mezani na kikombe chake. Kimya kikatangazwa. Kamera ikawaka.

"Shangazi," binti akasema, "leo jioni nitatoka kidogo. Rafiki yangu ananisubiri."

Mama Machozi alikuwa anafuta meza. Aliendelea kufuta mpaka akamaliza kona yake, akakunja kitambaa, akakiweka. Akazunguka nyuma ya kiti cha binti.

"Kola imekunjika," alisema, akainyoosha. Mkono wake ukateremka hadi kwenye mkono wa binti na kukitoa kijiko ndani yake, kidole baada ya kidole. Akakoroga chai ya binti. Akachota kidogo, akaonja, akaona bado ya moto, akaipuliza.

"Shangazi, nimesema nitatoka."

"Nimekusikia, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ile ile ya tangazo la sabuni. "Ila viatu vyako nimevitia majini. Vilikuwa na matope."

"Viatu vyote?"

"Vyote."

Binti akageuza shingo kumtazama. Hilo halikuwa limepangwa. Mama Machozi alimtazama naye kwa upendo, upendo wa kweli kabisa, kama ambavyo angemtazama binti yake mwenye homa.

"Kesho tutaangalia kama vimekauka," akasema, na akapeleka kijiko kwenye mdomo wa binti. "Kunywa. Una baridi."

Binti akafungua mdomo, akanywa.

Hakuna aliyecheka. Mwongozaji alikuwa amesahau kusema kata, na kamera ikaendelea kumeza picha ya mwanamke wa gauni la njano anayemnywesha chai msichana mkubwa, kijiko baada ya kijiko, bila haraka. Mshika taa alikuwa ameuma kola ya shati lake. Hatimaye mwongozaji akasema "Kata," kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Binti akashika koo lake. "Nimemeza," alisema. "Sikutaka kumeza. Mwili umemeza wenyewe."

"Pole, mama yangu, pole," Mama Machozi akasema, akamfungulia mikono amkumbatie. Binti aliruka kitini, akarudi nyuma mpaka ukutani. Ndipo akajitambua, na wote wakaangua kicheko, hiki kikiwa kicheko cha watu walionusurika. Mpiga kamera alikuja baadaye, mtu mzima mwenye ndevu, akasema, "Mama, nakuheshimu sana. Lakini leo usinikaribishe chakula."

"Umeitoa wapi?" mwongozaji akamuuliza wakati wa kufungasha nyaya.

"Nilijaribu kumchukia yule binti, nikashindwa. Leo nimempenda tu. Halafu nikakataa kuacha."

Kazi iliyobaki ilimpa raha ambayo hakuwahi kuipata katika machozi yake yote. Aliamka akiimba. Alizifanyia mazoezi kauli za upole jikoni, na Baba Pacha akawa anapita mbali na meza. Kulikuwa na jambo moja tu lililomkosesha amani, na akamweleza mumewe wakiwa wanaanua nguo.

"Ile mikono ni ya dada. Nimeiazima bila kumwambia."

"Usimwambie."

"Atakuja kuitazama filamu."

"Labda atakuwa na homa siku hiyo."

"Dada hajawahi kuwa na homa."

"Hilo ni kweli," Baba Pacha akakubali kwa masikitiko. "Homa yenyewe inamwogopa."

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza siku ya Jumapili, alasiri, katika ukumbi wenye viti vyekundu vilivyochakaa. Dada alikuja akiwa amevaa vizuri na hana homa. Walikaa watatu, Baba Pacha katikati, kofia yake ikiwa tayari magotini kwa ajili ya kufunikia uso.

Mama Machozi hakuitazama skrini. Aliwatazama watu. Mwanzoni walicheka kidogo kwa kumwona, wakanong'ona, "Huyo, Mama Machozi, atalia sasa hivi." Lilipokuja lile tukio la mezani, minong'ono ikakatika. "Vyote," akasema shangazi kwenye skrini, na ukumbi mzima ukatoa mguno mmoja, kama watu waliokanyaga maji ya barafu. Mwanamke mmoja wa nyuma akashindwa kuvumilia. "Toka, binti!" akapiga kelele. "Toka peku!"

"Peku, peku!" wengine wakadakia.

Baba Pacha alikuwa amekwisha funika uso. Kwa mkono wa pili alishika mkono wa kwanza alioupata, nao ulikuwa wa shemeji yake. "Ameshaondoka?" akanong'ona. Dada alikuwa amekaa wima, macho mbele, na hakupepesa.

Mwishoni binti alitoka kweli, peku, mchana wa jua kali, akashuka barabara bila kugeuka. Shangazi alisimama mlangoni ameshika viatu vilivyokauka, akimwita kwa upole, "Mwanangu, utaumia miguu. Mwanangu." Taa zikawaka watu wakiwa bado wameshikilia viti.

Nje ya ukumbi, kwenye baraza, walimzunguka. Mama Machozi alitegemea pongezi, akapata kitu kingine: kila mtu alikuwa anamjua shangazi. "Yule ni matroni wetu wa bweni," mwanamke mmoja alisema. "Hakuwahi kutuchapa hata siku moja, lakini tulikuwa tunanyamaza tukisikia ndara zake." Mwingine alisema ni mume wake wa kwanza, kila kitu, hadi kunyoosha kola. Kijana mmoja mrefu alisubiri wengine waondoke, kisha akasema, "Mimi yule ni baba yangu," akampa mkono, akaenda zake haraka.

Baba Pacha alipoona baraza linaanza kupungua na dada bado hajasema neno, alikumbuka ghafla kwamba watu wana kiu, akaondoka kutafuta soda.

Wakabaki wawili kwenye benchi la mbao, dada na mdogo wake. Dada aliukunja mkoba wake, akaukunjua.

"Yule ni mimi?"

Mama Machozi alikuwa na majibu mengi ya uongo mdomoni, yote mazuri. Akayameza. "Mikono ni yako."

"Nilijua. Alipoanza kutoa kile kijiko, nikasema hivi vidole mbona navifahamu." Akaitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza. "Kwa hiyo ninatisha."

"Siku ile ulipomnyang'anya mume wangu kijiko, nilishtuka. Kidogo. Alikaa kama mtoto, dada."

"Shemeji?"

"Shemeji."

Watu waliendelea kupita mbele yao wakiongea juu ya viatu.

"Mama alipofariki," dada akasema mwishowe, "ulikuwa huli. Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Nilikuwa nakufungua mdomo kwa vidole hivi hivi. Jirani akasema nikuache, utakula ukisikia njaa. Sikukuacha."

"Ndiyo maana niko hapa."

"Sasa mimi nitajuaje kama umeshiba?"

Macho ya Mama Machozi yakajaa maji, na safari hii hayakuwa ya kazi. "Nitakwambia."

"Hujawahi kuniambia. Wala wewe, wala shemeji, wala watoto wangu. Mnasema sawa dada, sawa mama, basi na mimi naendelea." Akamgeukia. "Hebu sema."

"Niseme nini?"

"Sema basi."

"Basi."

"Huyo ni nani amesema, panya?"

"Basi, dada!"

Watu wawili watatu waligeuka. Dada alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi aliopikiwa na mwingine na kukuta, kinyume na alivyodhani, kwamba una chumvi yake. Kisha mabega yake yakaanza kucheza, kicheko kikampanda, na mdogo wake naye kikamwambukiza. Wakacheka wakiwa wameegemeana, mkoba ukaanguka, hakuna aliyeuokota.

"Na yule wa kwenye filamu," dada akauliza akijifuta macho, "naye angeambiwa hivyo, angefanyaje?"

"Angetabasamu."

Dada akasisimka mwili mzima. "Toba. Mimi nisingetabasamu. Mimi ningekasirika."

"Najua. Wiki nzima."

"Mbili."

"Na ungempigia simu kila mtu."

"Kila mtu," dada akakiri, na akaonekana kupata nafuu kubwa.

Baba Pacha alirudi na chupa tatu zikigongana kati ya vidole. Alisimama hatua kadhaa mbali, akachunguza nyuso zao, zote mbili zikiwa zimelowa.

"Mmepatana, au nirudi nikaulize kama wana maji pia?"

"Njoo ukae, shemeji," dada akasema, akasogea kumpa nafasi. "Umeniponda vidole humo ndani, halafu unakimbia."

Filamu iliendelea kuonyeshwa kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia. Binti aliyeigiza mpwa wa shangazi alipata kazi nyingine, kubwa zaidi, na akaendelea kuja kunywa chai kwa Mama Machozi, ingawa alisema wazi kwamba atajikorogea mwenyewe. Wenye tangazo la sabuni walipiga simu kueleza, kwa maneno mengi ya heshima, kwamba safari hii wangejaribu sura mpya, kwani watoto wameanza kulikimbia tangazo. Mama Machozi aliwashukuru, akakata simu, akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi moja alikwenda dukani kununua mkate. Foleni ilikuwa ndefu, lakini alipofika, foleni ikapungua yenyewe. Mzee mmoja alikumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Mama mwenye mtoto alimpisha, akamhamishia mtoto upande wa pili. Mwenye duka, ambaye walifahamiana tangu pacha walipokuwa wakinunua pipi kwake, alimfungia mkate mara mbili.

"Habari za asubuhi," Mama Machozi akasema.

"Nzuri, mama. Mkate wako huu hapa. Nakuomba kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Usinitabasamie."

Yule mama mwenye mtoto akawa wa kwanza kucheka, halafu foleni nzima, halafu mwenye duka mwenyewe huku akishikilia mizani. Mama Machozi alijitahidi kukaza uso, akashindwa kabisa.